Pua ya Mlinda Tangi

Mlinda tangi wa kiwanda cha lisini hampi mtu mkono. Anakungoja mlangoni, anainama, anakunusa viganja na mikono ya koti, pua yake nyekundu ikichezacheza kama ya sungura. Vuli ikifika, Slovakia nzima ikikanyaga kabichi mapipani ili ichachuke, ndipo anapokuwa mkali kama pilipili. "Wewe umekanyaga kabichi! Rudi kaoge!" Maana ndani ya tangi wanaishi bakteria wanaokula molasi ya viazisukari na kutoa lisini, kirutubisho cha kulishia nguruwe; kijidudu kimoja tu cha nje, kama cha kabichi inayochachuka, kikiingia, tangi zima linamwagwa. Vlasta, fundi wa maabara, humtazama akilaza shavu kwenye chuma chenye uvuguvugu na kunong'ona, "Kuleni, wanangu, kuleni," naye Vlasta hujiuliza mtu huyu anasikia nini humo.

Jumatatu tangi lilikutwa limeingiwa na kijidudu. Wafanyakazi wakajipanga wenyewe, viganja mbele, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Mlinda tangi aliwanusa wote, akarudia, asipate kitu. Akautazama mkono wa koti lake.

"Hebu ninuse, binti. Mtu haisikii harufu yake mwenyewe."

Vlasta akainama. "Kabichi, mzee," akasema polepole.

"Mke wangu mgonjwa. Jana kabichi nilimkanyagia mimi."

Akavua koti, akatoka, akaufunga mlango. Mara ukagongwa. Vlasta alipofungua, alimkuta kwenye baridi akiwa na shati tu, viganja mbele, akingoja kunuswa.