Mlango Uliokwama Karakanani

Ngosa alikufa mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, na pale kilioni hakuna aliyejua la kumwambia Alexis. Mjane alikuwa na mkeka wake, watoto walikuwa na wao, ndugu waliotoka kaskazini walikuwa na kona yao na rozari zao. Alexis alikuwa mwenzake wa kazi tu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, pamoja na wale waliokuja kusalimia na kuondoka. Waliomsogelea walimuuliza jambo moja: sasa karakana itaendelea? Nilisikia kwa masikio yangu, na hasira ya siku ile haijanitoka. Mtu amechomelea vyuma bega kwa bega na mwenzake tangu ujana wao, halafu anaulizwa habari za mashine.

Mimi ni Honorine. Ninapika bukari, ugali wetu, na samaki kando ya barabara ya Kasapa, na karakana yao iko ng'ambo, mbele ya macho yangu. Wale wawili walikula sahani moja kila mchana. Ngosa alikuwa msemaji, Alexis mwitikiaji. Ngosa hakutaka pilipili, na Alexis aliificha upande wake wa sahani. Niliwatania kwamba hata mke na mume hawali hivyo, na Ngosa alinijibu kwamba mke na mume hawabebi vyuma pamoja.

Kazi yao ilikuwa milango ya kuteleza, ile mikubwa ya hangari na viwanda, isiyofunguka kwa bawaba bali inaning'inia kwenye reli juu na kukimbia kando ya ukuta. Ngosa ndiye aliyeibuni. Alikwenda kuliangalia jengo, akauliza upepo unatoka wapi, maji ya mvua yanapita wapi, lori linageukia upande gani, na kama ukuta una nafasi ya kutosha kulipokea bawa la mlango likifunguliwa. Akirudi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji mle ndani na kuuchora mlango mzima kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kila bomba la mraba mahali pake. Alexis alikata vyuma juu ya mchoro ule. Kisha walivitoa uani kipande kwa kipande, wakaviunga huko nje, wakapima pembe kwa pembe mpaka vipimo vilipolingana, ndipo bati likapigwa. Baada ya hapo mlango ulipanda gari na kwenda Kampemba au kokote ulikotakiwa.

Ngosa alipozikwa, mchoro wa mwisho ulikuwa bado umelala sakafuni. Ulikuwa mlango wa bawa moja, mkubwa sana, wa hangari ya unga wa mahindi ya mfanyabiashara mmoja anayeitwa Guelor. Alexis hakuufuta. Hakuukanyaga pia. Aliuzunguka kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa, na kazi zake akazifanyia kwenye kona: nondo za madirisha, vitanda vya chuma, vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kuvinyanyua. Mke wake aliondoka zamani kwenda Likasi na hakurudi, na hawakujaliwa mtoto. Siku nzima hakuwa na mtu wa kumwambia hata nipe nyundo. Mchana aliagiza nusu sahani, akaila akiwa amesimama, akarudi. Uani hakukaa tena. Alifanya kazi ndani na mlango ameurudisha. Nami ninayejifanya mjuaji wa mambo ya watu nikadhani amechagua mwenyewe, nikamwacha.

Mwezi wa tisa Guelor alikuja. Alikuwa mvumilivu kuliko wenye pesa wengi ninaowajua: miezi yote hiyo hangari yake ilikuwa imefungwa kwa maturubai. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, na unga hauchezi na mvua. Akamwambia Alexis kwa upole kwamba ikiwa ni vigumu, atatafuta fundi mwingine.

"Hapana," Alexis akasema. "Ile porte, ile mulango yako, nitaifanya miye. Vile Ngosa aliichora."

Kuanzia hapo mashine haikunyamaza, isipokuwa umeme ulipokatika. Nilisikia vyuma vikikatwa, nikasikia bati, nikasikia mnyororo wa kuinulia ukilia kwenye boriti. Alikuwa akifanya peke yake kazi ya watu wawili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona amenyoosha mgongo. Halafu, mwanzoni mwa wiki moja ya mwezi wa kumi, kimya. Kesho yake kimya. Bukari hakuja kuchukua. Nikamwachia mteja mmoja ulinzi wa sufuria, nikavuka barabara.

Nilimkuta amekaa juu ya chupa ya gesi, mikono kati ya magoti. Bawa lilikuwa limesimama katikati ya karakana, limefungwa kwa mnyororo, limekamilika, rangi ya kijivu imekauka, magurudumu yake yapo juu yanang'aa kwa grisi. Lilikuwa zuri sana. Lilijaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, na kichwa chake kilikuwa juu kabisa ya kizingiti cha juu cha mlango wa karakana.

Nilitazama bawa, nikatazama mlango, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Papa Alexis, hii kintu itatokea wapi?"

"Njo niko naangalia vile," akasema, yaani ndilo hasa alilokuwa akilitazama.

Alikuwa amejaribu kulilaza na mnyororo, akajaribu kulisimamisha kwa ubavu, akajaribu kulipitisha kimshazari. Alinionyesha mikwaruzo kwenye kizingiti. Mafundi wa milango wanajua kosa hili. Huwafanyia mzaha wanafunzi wao kwa ajili yake. Na huyu alikuwa na mvi.

"Lakini siku zote mulikuwa munaiunga inje," nikasema.

"Ndiyo."

"Sasa juu ya nini uliiunga humu? Sababu gani?"

Akafuta grisi vidoleni kwa kitambaa, nami nikaona aibu kwa ule uchekaji wangu.

"Ku inje bantu banapita," akasema. "Mbele balikuwa banauliza kama kazi itaendelea. Sasa hata habaulize tena. Na huku ndani kulikuwa mchoro wake. Niliunga juu yake. Sikutaka kutoka pale."

Upweke wake ulikuwa umefika pale, nami nikauona wazi mbele yangu kwa chuma na bati. Mtu mwenye mwenzake hafanyi kosa kama lile, kwa sababu kabla hajaunga bomba la pili mwenzake ameshamuuliza watatokea wapi. Alexis hakuwa na wa kumuuliza. Nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa ninatoa amri.

"Kata katikati," nikamwambia. "Utaunga tena kule ku hangar."

"Siwezi. Ukikata na kuunga tena, moto inavuta chuma, inapinda. Kidogo tu, lakini magurudumu itakatala kutembea." Akasugua kiganja chake kwenye ukingo wa bawa. "Na tena njo ya mwisho yenye Ngosa alichora. Siwezi kuikata, Mama Honorine."

"Bon. Tubomoe ukuta."

"Ukuta haiko yangu peke yangu. Tuliijenga babili. Nusu iko ya Mama Chilufya."

Chilufya ndiye mjane wa Ngosa. Nikamwambia basi aende kumwomba ruhusa, ni neno dogo. Akainama. Ndipo nikaelewa kwamba tangu siku ya kilio hajakanyaga nyumbani kwa mama yule, na kwamba angependa zaidi kulala chini ya lile bawa kuliko kugonga lango lake. Kesho yake nilifunga biashara mapema, nikampeleka mwenyewe, kwa sababu nilijua njiani angegeuka.

Chilufya anakaa upande wa Karavia, kwenye nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya dada yake. Tulimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alitupa viti, akaendelea na maharagwe yake.

"Depuis kilio, Papa Alexis," akasema, yaani tangu siku ya kilio.

"Depuis kilio, Mama."

"Juu ya nini haukufika?"

Alexis akazungusha kofia yake mikononi. "Ningefika kama nani?"

Mkono wa Chilufya ukasimama juu ya ungo. Sikujua ni jibu la adabu au la ukorofi. Lilikuwa la kweli tu.

"Bantu banafikaka hapa," Chilufya akasema. "Banalia ndugu yabo, banalia papa yabo. Wewe wenye ulikuwa naye mchana yote, wewe njo ulipotea. Mi nilikuwa nakungojea uniambie ata kidogo. Ngosa alikuwa anarudia ku nyumba, anaoga, anakula, ananyamaza. Nikimuuliza kazi ilikuwa namna gani, anasema iko muzuri. Miaka yote, iko muzuri."

"Na ku kazi hakusemaka mambo ya nyumba," Alexis akasema.

"Hata jina yangu?"

Alexis si mtu wa kudanganya, hata pale ambapo uongo ungekuwa sadaka. "Alisemaka tu, muke yangu iko muzuri."

Chilufya akatoa sauti fupi, sijui ya kucheka au ya nini. Ndipo Alexis akamweleza habari ya bawa, kwa maneno machache, akiangalia chini. Nilitegemea atacheka kama nilivyocheka mimi. Hakucheka.

"Bomoeni," akasema. "Lakini nitakuya. Nataka kuona fasi yenye alikuwa anashindaka. Sijaingia mule hata siku moya."

Jumamosi tulibomoa. Nasema tulibomoa, ingawa mimi nilisimama tu na kijiko changu. Constantin, anayeziba matairi jirani yangu, alileta nyundo kubwa. Vijana wa pikipiki walikuja kwa sababu niliwaahidi samaki. Wanafunzi wachache waliokuwa wakitoka chuoni waliweka mikoba yao chini wakakunja mikono ya mashati. Walitoa kizingiti, wakatoa matofali ya upande wa kushoto hadi juu. Chilufya alifika amevaa kitenge cha msiba. Aliingia kwanza karakanani peke yake, akagusa ndoano ambayo Ngosa alikuwa akitundikia koti lake, akatoka akakaa kwenye kiti nilichompa. Guelor alikuwa ameshasimamisha lori.

Ukuta ukawa wazi. Sasa kulikuwa na kazi ya kulibeba bawa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walikuwa wa kutosha, nguvu ilikuwa ya kutosha, lakini mmoja alihesabu kwa Kifaransa, Constantin alihesabu kwa Kiswahili na kuanza kabla ya kumaliza hesabu yake mwenyewe, na vijana wa pikipiki hawakuhesabu kabisa. Bawa liliinuka upande mmoja, likayumba, na pembe ya chini ikapiga saruji kwa kishindo. Alexis akapiga magoti, akanyoosha utepe wake kutoka pembe hadi pembe. Bado lilikuwa sawa. Akainuka akikunja utepe.

"Ikianguka tena, itapinda," akasema. "Kisha hakuna tena."

Akarudi kwenye pembe yake ya nyuma, ile aliyokuwa akishika maisha yake yote. Kila mtu akamtazama, naye akatazama pembe ya mbele, ambako Constantin alikuwa akitema mate viganjani.

"Papa Alexis," nikauliza, "Ngosa alikuwa anafanya namna gani?"

Aliiacha pembe yake, akapita kando ya bawa lote hadi mbele, akamgusa Constantin begani ampishe. Akashika chuma. Akafunga macho, kisha akaimba. Sauti yake ni mbaya, nisidanganye.

"Mulango, twende."

Hakuna aliyeitikia. Akarudia, na safari hii mimi niliijua, maana nilikuwa nimeisikia kutoka ng'ambo ya barabara mpaka kunichosha, nikaitikia nikiwa na kijiko mkononi: twende. Wanaume wakashika.

"Mulango, twende."

"Twende."

"Kwako banakungojea."

"Twende."

Bawa likainuka mara moja, sawasawa, pande zote. Miguu ikaenda pamoja. Likapita kwenye tundu la ukuta bila kugusa tofali, likatoka juani, likavuka uani likipanda kidogo na kushuka kidogo kufuata wimbo, likalazwa juu ya lori bila kishindo. Watu wakapiga makofi. Constantin akasema yeye alijua tangu mwanzo. Guelor akaanza kufunga kamba.

Chilufya alikuwa amesimama.

"Hii wimbo iko ya nani?"

"Ya Ngosa," Alexis akasema, akijifuta jasho. Alikuwa ameanza kutabasamu. Nadhani alifikiri hatimaye ana kitu cha kumpa.

"Ngosa alikuwa anaimba?"

"Kila siku, Mama. Hata tukinyanyua chuma moya tu. Yeye njo alikuwa anaanza, miye naitikia."

Chilufya akanigeukia mimi, mwanamke mwenzake, kama anayetaka nikane. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Akakaa juu ya rundo la matofali, kitenge chake kikajaa vumbi jekundu. "Ku nyumba sikumusikia hata siku moya," akasema. "Hata siku watoto balizaliwa."

Tabasamu la Alexis likaondoka. Dereva wa lori akapiga honi; Guelor akamwashiria anyamaze.

"Imba tena," Chilufya akasema.

"Porte imetoka kwisha, Mama. Hakuna kintu ya kunyanyua."

"Najua. Imba."

Alexis akaimba, amesimama kati ya matofali, mikono yake haishiki kitu. Hakuna mwanaume aliyefungua mdomo. Pale pa kuitikia, aliitikia Chilufya peke yake.