Matone Kumi na Manne kwa Dakika

Septemba ya 1997, wiki mbili baada ya askari wa serikali waliotoka mji mkuu, Moroni, kushindwa Mutsamudu, kwenye kisiwa kilichojitenga, muuguzi Kamaria wa hospitali ya huko aliambiwa afunge mizigo. Alikuwa mtu wa Ikoni, katika kisiwa cha Ngazidja, na meli ya kuwarudisha watu wa huko ingeondoka saa saba mchana. Bintiye wa miaka minne, Hayati, alikuwa Ikoni kwa bibi yake. Hawakuwa wameonana tangu Juni.

Siku ya meli, saa nne asubuhi, aliletwa hospitalini Nafissa, aliyejifungua siku tatu nyuma, mwili unawaka homa, presha sitini kwa thelathini. Walimpa dawa ya kuua vijidudu na chupa mbili za maji ya mshipani. Presha haikunyanyuka.

"Tumtie adrenalini," alisema Daktari Issouf.

Mashine ya kupitisha dawa kwa kipimo haikuwapo. Kamaria aliichanganya adrenalini kwenye dripu, akashika saa yake, akahesabu matone kumi kwa dakika. Akapima: sabini. Akaongeza hadi kumi na manne: themanini na tano. Yakizidi, moyo ungekwenda mbio hadi ushindwe. Yakikatika, presha ingeanguka papo hapo.

Saa sita na nusu Saïndou, mume wa Nafissa, alichungulia mlangoni. "Dada Kamaria, gari la bandarini linakungoja."

Kamaria alimgeukia Issouf, aliyekuwa akingojwa na majeruhi wawili chumba cha upasuaji. "Nani mwingine anaiweza hii?"

"Hakuna. Lakini siwezi kukuzuia."

"Waambie waende," alimwambia Saïndou. Hakuinua macho. Angelia, na angepoteza hesabu.

Saa kumi ngozi kando ya sindano ilipauka: dawa ilikuwa inavuja nje ya mshipa. Presha ikashuka hadi hamsini na tano. Kamaria alitafuta mshipa mkono wa pili. Akachoma, akakosa, akachoma tena, ukapatikana.

Kesho yake Nafissa alianza kupata mkojo, ishara kwamba figo zinafanya kazi tena. Kamaria akapunguza dawa tone kwa tone, na siku ya tatu akaifunga. Nafissa aliomba uji.

Kamaria hakupata njia ya kwenda kwao hadi Februari. Hayati alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza huyu ni nani. Ilichukua wiki kadhaa amzoee tena mama yake.

Siku hizi Kamaria anafanya kazi Moroni. Muuguzi mpya akiingia wodini kwake, humkalisha kando ya dripu na kumkabidhi saa. "Hesabu kwa sauti," humwambia. "Nataka tuwe wawili tunaojua."