Mjomba wa Nani?

Siku nne nzima mke wa fundi kufuli hakuweza kukaa kitako. Akianza kupika, anaacha. Akifua, anasuuza shuka lile lile mara mbili. Redio ilikuwa imetangaza: benki kubwa ya mjini imeibiwa, kasha la chuma limefunguliwa bila hata mkwaruzo, na anayetafutwa ni fundi mmoja hodari ambaye jina lake halijulikani, ila huitwa Mjomba.

Na mumewe mtaa mzima ulimwita Mjomba, tangu walipowalea watoto wa dada yake. Hakuna kufuli lililowahi kumshinda. Siku ya wizi alitoka na mkoba wake wa vifaa, akarudi jioni amechoka, akala bila kusema neno. Mkewe hakumwuliza. Alimtazama tu, akajiambia kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya nne amempelekea chai karakanani, mara wapelelezi wawili hao.

"Tunamtafuta Mjomba."

Fundi alikuwa anapiga tupa ufunguo. Hata kichwa hakuinua. "Mjomba wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Mjomba huwa wa mtu, bwana. Hapa mtaani wako watatu. Nyinyi mama yenu nani?"

Wakamtia pingu.

Kesho yake mlinzi wa benki alimkagua juu mpaka chini, akasema siye, yule mwizi alikuwa na nywele. Kipara kikamwokoa. Ndugu wakajaa sebuleni wakicheka mpaka machozi, na shemeji akaigiza "mama yenu nani" mara tano. Mpaka leo wakisimulia, huishia hapo kwenye kipara, kwa sababu yaliyofuata hawakuyasikia.

Wageni walipoondoka, mke alibaki akikusanya vikombe.

"Weka chini hivyo," fundi alisema. "Siku nne unanikwepa macho. Na wewe ulidhani ni mimi?"

Alitaka kusema hapana. Aliona aibu, kweli aliona aibu.

"Nilidhani."

"Sasa si ungeniuliza tu, mke wangu? Ningekujibu."

"Ndicho nilichokiogopa," alisema. "Kwamba ungenijibu."