Waliosema Tuko Wote

Siku ninayoikumbuka leo, Ndinda mwanangu, naikumbuka kwa masikio kabla ya macho. Weka hiyo simu chini kwanza. Picha za mashua nimeziona, ni nzuri, na maji ni ya buluu kweli kama ulivyosema. Jumamosi unawapeleka vijana wa kanisa pwani, mshinde baharini kutwa nzima, mvae miwani na kimrija cha kupumulia mkatazame samaki kwenye matumbawe. Umekuja kuniaga, na mimi sikukatazi. Shangazi yako si mtu wa kuwanyima watu raha. Lakini keti. Chai ipo, na mbaazi hizi haziwezi kujiambua zenyewe.

Hata mimi niliwahi kwenda. Mbona unashtuka? Unadhani nilizaliwa na magoti haya?

Nilikuwa msichana wa kwaya, mwenye sauti nzuri na maringo mazuri zaidi. Mwenzetu mmoja alikuwa anaolewa Mombasa, tukasafiri kutoka hapa Kithimani kwenda kumwimbia arusini. Tuliimba mpaka wakwe wakatoa vitambaa vya kufutia machozi, na kwa furaha yao wakatuzawadia safari ya mashua ya injini, asubuhi mpaka jioni. Kiongozi wetu alikuwa Kioko, mwalimu wa kwaya, kijana mrefu mwenye sauti nzito na kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Kando yangu alikuwa Kasiva, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Wengine si lazima uwajue, wengi wao wamekwisha kutangulia.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa maneno machache. Tulipokwisha kupanda akainua kidole, akaanza kutupitia: mmoja, wawili, watatu...

Woi! Ungesikia kelele. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Kasiva aliinama mpaka chini ya benchi, akanivuta na mimi. Kwetu, kama nyumbani hukuambiwa basi nakuambia mimi, Mkamba hahesabu watu, hahesabu watoto, hata mbuzi wake hawahesabu. Wazee walisema ukimtia mtu kwenye hesabu umekionyesha kifo njia ya kwake. Ndiyo, tulikuwa Wakristo, tena wa mstari wa mbele, lakini kuna mambo ambayo maji ya ubatizo huyapita juu juu. Usicheke, nakuona.

Kioko akasimama katikati ya mashua. "Bwana nahodha, shusha hicho kidole. Sisi hatuhesabiwangi."

"Lazima nijue natoka na wangapi," nahodha akasema, "ndipo nijue narudi na wangapi."

"Mwacha mila ni mtumwa. Wewe ukitaka kujua, uliza tu kama tuko wote. Sisi tunajuana."

Nahodha akatazama maji, akatutazama sisi, akashusha kidole. "Haya," akasema. "Kama mnajuana."

Basi tukaenda. Na siku ilikuwa tamu, nisikudanganye! Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tulishushwa kwenye fungu la mchanga lililokuwa wazi katikati ya bahari, jeupe, pana kama uwanja wa mpira. Tukacheza pale, tukaimba, Kioko akaanguka chali, tukamcheka. Mchana tukala wali na samaki mashuani. Halafu nahodha akatupeleka kwenye mwamba wa matumbawe, si mbali na lile fungu, akatuvalisha majaketi ya kuelea na miwani, akatuambia tusiachane. Mimi kuelea nilikujua. Nilijifunzia kwenye mfereji wa Yatta, huku mama akinitafuta na fimbo.

Nikatia uso ndani ya maji.

Mwanangu, wanaosema bahari ni kimya hawajaweka sikio ndani yake. Samaki walikuwepo, wa manjano, wa mistari, wamesimama tu wakinitazama. Mawe yalikuwepo, mengine yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Lakini kilichonishika ni mlio. Kote chini kulikuwa kunatatarika, ta, ta, ta-ta, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa. Baadaye niliambiwa ni vijidudu vya baharini vinavyogonganisha magando. Sawa, nakubali, ni vijidudu. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa ameniambia, na mlio ulikuwa na utaratibu wake. Kadiri nilivyousikiliza ndivyo ulivyopunguza haraka, ukawa unakuja mmoja mmoja, ukitua kidogo baada ya kila mmoja. Nilihisi kuna mtu chini kule anahesabu, na hana pupa.

Nikaufuata. Kwa nini, sijui. Nilitaka kujua anahesabu nini. Nikauzunguka mwamba mpaka upande wa pili, miguu ikienda yenyewe, na nikafika mahali ambapo mwamba unakatika na chini kunakuwa na giza. Hapo mlio ukakoma ghafla. Ngai! Nikahisi kwamba hesabu imefika kwangu.

Nikainua kichwa. Sikuona mtu. Nikapiga miguu kama mwendawazimu kuurudia upande wa kwanza, na nilipotokeza nikaiona mashua ikiwa imegeuza mgongo, wenzangu wote ndani wakijifuta maji. Ilikuwa mbali kiasi cha kutotambua nyuso. Upepo ulitoka kwao kuja kwangu, ukaniletea sauti ya nahodha wazi kabisa: "Maji yanajaa! Mko nyote?"

"Tuko wote!" wakajibu kwa pamoja. Kwaya yangu hiyo, wakipatana vizuri kama siku zote.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Niko hapa!"

Injini ikanguruma, wakaenda.

Niliogopa, mwanangu. Watu husema damu iliwaganda. Yangu ilikuwa inakimbia ikitafuta pa kutokea. Nikaliona lile fungu la mchanga, nikaogelea kwa jaketi langu nikililia, nikafika. Ule uwanja wa asubuhi ulikuwa umeliwa na maji ukabaki mdogo kama ua wa nyumba ya maskini. Nyayo zetu zilikuwa bado ziko. Nikasimama kati yake nikawa nazitambua, maana nilihitaji watu. Hizi ni za Kioko, ndefu. Hizi za Kasiva, kidole kimepinda. Hizi ni zangu, zinakwenda majini. Za wenzangu zilikwenda na zikarudi, maana mchana walitoka tena kupunga upepo, nami nilibaki mashuani nimelala. Zangu zilikwenda tu. Nilizitazama mpaka wimbi likapanda likazifuta, likanifika vifundoni.

Na hapo nikausikia tena ule mlio. Sikuwa nimetia kichwa majini. Ulikuwa unatoka chini ya mchanga, chini ya nyayo zangu, ta, kisha kimya, ta, kisha kimya.

Maji yakanifika magotini.

Mbali kule wenzangu wakaanza kuimba. Kasiva aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyenikosa. Walikuwa wamechoka, wamejifunika mataulo, wengine wakidhani niko upande wa pili, yeye akidhani niko kando yake. Wakaanza wimbo ule wa arusini, wa kumrudisha binti nyumbani kwa mama yake. Na katika wimbo ule pana mahali ambapo kwaya nzima hunyamaza, na sauti moja peke yake huita. Ndipo wote humjibu. Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Nikasimama kwenye maji nikisubiri mahali pangu. Sikuomba hata Mungu, nilihesabu mistari. Wakafika. Wakanyamaza. Nikafungua kinywa nikaita kama sijawahi kuita kanisani wala arusini, mpaka koo likaniuma. Upepo ulinirudishia sauti yangu usoni.

Kule mashuani hawakusikia kitu. Waliingoja sauti, na mahali pake palikuwa pamebaki wazi, injini tu inanguruma. Kasiva akageuka kando yake kunisukuma kwa kiwiko, akidhani nimesinzia. Akasukuma hewa.

Mngurumo ukabadilika. Mashua ikageuka.

Waliponifikia maji yalikuwa kifuani na jaketi limekwisha kuniinua miguu. Nahodha alinivuta kwa mkono mmoja. Nilidhani Kasiva atanikumbatia, lakini alikaa mbali akinitazama kama mtu asiyemjua, machozi yakimtiririka.

"Ulijibu," akasema. "Alipouliza, ulisema niko hapa. Hapa, kando ya sikio langu. Pumzi yako niliihisi shingoni."

"Nilikuwa kule mwambani," nikasema.

"Na mimi nilisikia," Kioko akasema, na sauti yake nzito ilikuwa imekonda.

Tukamgeukia nahodha. Yeye aliyafuta maji usoni polepole. "Alijibu," akasema. "Kama singemsikia, ningeondoka?"

Hakuna aliyeuliza ni nani basi aliyejibu. Nahodha hakuinua kidole tena. Alituambia kila mtu ashikwe mkono, atajwe jina, aitike mwenyewe akitazamwa machoni. Tukafanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Na tulipomaliza tulikaa kimya kidogo, kila mtu akiogopa kwamba ataitika mwingine ambaye hatukumwita. Hapakuitika mtu. Ndipo akawasha injini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, na chai yako inapoa.

Tuliporudi, Kioko alinisindikiza mpaka Kivaa kwa susu, nyanya yangu mzaa mama, aliyenilea. Alikwenda kuomba radhi, lakini unajua wanaume, radhi yake ilikuwa na kiburi ndani. Alieleza yote, kisha akamalizia: "Lakini, Susu, mila hatukuivunja. Hatukukubali kuhesabiwa."

Ilikuwa saa ya mbuzi kurudi. Susu akamshika Kioko mkono, akamsimamisha langoni mwa boma. Mbuzi wakaingia kwa vumbi lao, na susu akawa anawasemesha mmoja mmoja: wewe wa sikio lililochanika, wewe mtoto wa yule mkorofi, wewe unayechechemea, umeshindaje? Lango likafungwa.

"Ni nani hayuko?" akamwuliza Kioko.

Kioko akatazama mbuzi. Akatazama chini.

"Yule mweupe wa kovu la paja," susu akasema. "Amebaki mtoni, na sasa hivi naenda kumchukua. Kijana, mimi sihesabu kwa sababu nawajua. Hesabu ni fimbo ya kipofu, na kipofu hana aibu kuishika. Nyinyi mlitupa fimbo, na macho mkayafumba. Mila gani hiyo? Mlichukua katazo mkaacha kazi yake."

Kioko alilia pale langoni, mwanamume mzima. Mimi nilikuwa na swali langu, nikaliuliza kwa kunong'ona: susu, aliyejibu mashuani ni nani?

"Mlijibu tuko wote," akasema. "Jibu la wengi ni nyumba isiyo na mwenyewe. Ukiiacha wazi, usiniulize ni nani alilala ndani." Akachukua fimbo yake akashuka mtoni kumtafuta mbuzi.

Sijui zaidi ya hapo, na sitaki kujua. Ila mpaka leo nikikaanga bisi naondoka jikoni.

Kwa hiyo, mwanangu, Jumamosi hiyo nahodha akitaka kuwahesabu, mwache awahesabu. Yeye hawajui, hesabu ni haki yake. Lakini wewe unawajua, umewafundisha katekisimu, na wazazi wao wamewatia mkononi mwako. Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Nimeona likiharibika wengi wakiwa wamekaa wakiimba. Usiwaulize kamwe kama wako wote. Mwite Mutindi, umtazame mpaka aitike. Mwite Kyalo, umtazame. Hata yule mtulivu asiyekusumbua, huyo zaidi, maana ndiye husahaulika. Na ukiona mahali pa mtu pako kimya, usiseme labda yuko upande wa pili. Geuza mashua.

Haya, leta kifua chako nikutemee mate ya baraka kama susu alivyonitemea mimi, na usikunje uso, ni kidogo tu. Bahari ikupokee kwa upole, ikurudishe kwa upole. Mungu asiruhusu sauti ya mtoto yeyote itangulie mwili wake nyumbani. Siku mtakayorudi nitakuwa pale langoni, nitakuita jina lako.

Uitike wewe, Ndinda. Na usogee karibu nikuone unapoitika.