Ulimi wa Mama Onja

Kwenye kiwanda kimoja kidogo cha soseji, hakuna beseni la nyama ya kusaga lililopita bila ulimi wa mwanamke mmoja. Anachota kwa ncha ya kidole, anaonja, anatema, anatoa hukumu. Miaka tisa hajakosea, ndiyo maana wakamwita Mama Onja, ingawa mtoto hana. Mimba mbili zilimtoka. Hii ya tatu, ya miezi minne, aliibeba kwa hofu tupu.

Asubuhi moja kliniki, muuguzi akamwuliza, “Unakula nyama mbichi?”

“Mimi? Hata kuiwaza!” akajibu kwa moyo mweupe. Kuonja na kutema ni kula, jamani? Nani anahesabu hilo?

Muuguzi akamweleza: nyama mbichi huweza kuwa na vimelea, na vikimwingia mama huweza kumfikia mtoto tumboni. Ukiishika, nawa mikono kwa sabuni. Mboga na matunda osha vizuri. Kinyesi cha paka, chenye vimelea hivyo hivyo, asafishe mwingine. Aliitikia kila neno, akashika njia ya kazini.

Saa tano, kidole kikiwa mdomoni, maneno ya muuguzi yakamrudia paa! Ewe Mola! Akatema, akasukutua mara tatu, akavua aproni, akarudi kliniki nusu anatembea nusu anakimbia.

Muuguzi hakumgombeza. Alimtoa damu ya kupima, akamwambia arudi siku ya tatu. Siku tatu hizo, acha tu! Akikaa, anainuka. Akilala, anageuka. Mumewe aliposema, “Tulia, mke wangu,” alimrukia, “Tulia wewe, huna tumbo!” Kisha akalia kwa kumjibu vile.

Majibu yakatoka. “Huna maambukizi,” muuguzi akasema. “Ila hujawahi kuyapata, kwa hiyo mwili wako hauna kinga. Ukiendelea kuonja, unabahatisha.”

Kazini, bosi alikuwa amemwekea beseni tayari. “Onja basi, wateja wanangoja.”

“Mbichi sionji tena. Nitakaanga kidogo.”

“Kukaanga? Chumvi hujulikana kwenye mbichi! Babu yangu alionja hivyo hivyo.”

“Basi mwite babu yako. Mimi nina mtoto.”

Mama Onja akawasha jiko, akakaanga kidonge kimoja cha nyama mpaka kikaiva ndani na nje, akatafuna, akameza. Chumvi ilipungua, akaijua wazi kabisa, kama alivyoijua kwenye mbichi.

Akaketi juu ya ndoo, mkono tumboni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Miaka tisa!” akasema. “Na jiko lilikuwa hapa hapa!”