Ushuhuda Nilioutunga

Mpaka leo nikisikia mashine ya fotokopi inaanza kuunguruma, natoka nje. Watu hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Kosa kubwa la ujana wangu lilitoka kwenye mashine ile likiwa bado na joto, na mimi mwenyewe ndiye niliyelipiga pini.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani mpaka nikachoka kuulizwa nakaa tu kwa nini, ndipo nikapata kazi ya kuchapa kwenye duka la vifaa vya ofisi katikati ya mji wa Mwanza. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Mitumba ilijaa barabarani, na ndani ya marobota, mara mojamoja, vilikuja vitabu. Nilinunua kimoja kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata leo ukiniuliza kinaitwaje sijui. Kilikuwa cha Kiingereza, cha watoto, nikakisoma na kamusi mkononi. Kulikuwa na nchi ambayo jua lake lilifungiwa ghalani na watu wakazoea giza, mpaka mchunga mbuzi mmoja akaenda kulifungulia, naye akafa kabla ya kuliona likichomoza. Nilipofika mwisho nililia kama mjinga. Jina la Yesu halikutajwa hata mara moja, lakini nilikuwa nimemwona ukurasa baada ya ukurasa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Kanisani kwetu Nyegezi, hadithi za namna ile zilikuwa na jina moja tu: mambo ya giza. Mtu akiokoka alileta hirizi zake, zikachomwa nyuma ya kanisa huku tunaimba. Mnyama anayesema, mlango unaojifungua wenyewe, mji wa chini ya maji, yote hayo tuliwaachia waganga. Bibi yangu mwenyewe aliacha kutusimulia hadithi tangu siku aliyobatizwa, na tulipomsumbua alituambia mdomo wake umeshaoshwa. Basi kitabu changu nilikifunga kwenye gazeti nikakisukumia chini ya godoro, kama mtu anayeficha gongo.

Halafu, kwa ukaidi wangu, nikaanza kuandika cha kwangu.

Nilichapa mchana, duka likipoa. Msichana anashuka ziwani kufuata ndoo yake iliyozama, anakuta mji. Humo wamo wote waliowahi kuzama, wanasuka nyavu zisizoisha na wamesahau majina yao. Mlangoni amelala samaki kamongo mkubwa, funguo ziko mdomoni mwake. Kisha anashuka Mwana wa Mfalme, pekupeku, anakubali kufungiwa humo badala yao, na siku ya tatu mlango unavunjwa kutoka ndani, watu wanapanda juu huku wanaitana majina. Nilisimulia kana kwamba msichana yule ni mimi, kwa sababu ilininogea hivyo. Na juu kabisa, kwa majivuno, nikapiga jina langu kwa herufi kubwa.

Kila nilipokaa kwenye ile taipureta ya umeme niliomba kimoyomoyo: Bwana, kama hii ni dhambi, umeme ukatike. Shida ni kwamba ilikuwa miaka ya mgao. Umeme ulikatika kila siku, na mimi nikabaki sijui nimejibiwa au vipi.

Sasa, kitu kimoja lazima nikieleze. Siku zile makanisani zilizunguka karatasi za ushuhuda. Mtu anasema alikuwa mtumishi wa kuzimu, aliishi chini ya maji miaka kadhaa, aliona haya na haya, kisha Yesu akamtoa. Karatasi hizo watu walizipiga fotokopi, wakazisoma kwenye maombi, wakatetemeka, wakapelekeana. Duka letu lilizitoa kwa mamia. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Ushuhuda ni ushuhuda.

Jumanne moja mzee wa kanisa letu aliniletea ushuhuda wa namna hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Bwana asifiwe. Nitolee nakala thelathini, akina mama wanakutana leo saa kumi."

Hadithi yangu ilikuwa juu ya mashine, nilitaka kutoa nakala moja ya kuweka. Nikaziweka karatasi zake kando ya zangu, na kabla sijabonyeza chochote, umeme ukakatika. Tukakaa saa nzima. Watu wakajaa mlangoni na vyeti vyao. Umeme ukarudi, mwenye duka akapiga kelele, "Changamka, binti, utakatika tena!" nami nikachangamka kweli. Nilichukua rundo lililokuwa karibu, nikabonyeza thelathini, nikapiga pini, nikamkabidhi mzee akaondoka mbio. Saa kumi na moja, napanga meza, nikaukuta ule ushuhuda wake umelala chini ya rimu ya karatasi. Zangu hazikuwepo.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nilijiambia: kesho asubuhi nitamfuata mzee, nitamweleza, tutacheka. Nani kanidanganya kwamba watu hucheka?

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amesimama uani, karatasi ameshika kwa mikono miwili. Mama yangu ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama. Wenzake wote walikuwa na watoto wenye ushuhuda: huyu aliacha pombe, yule aliponywa kifafa. Yeye alikuwa na mimi, mtoto mkimya, asiyewahi kusimama kanisani kusema hata asante. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ulipita huko, na hukuniambia?"

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua mdomo niseme. Lakini alishanikumbatia, anasema kumbe ndiyo maana ulikuwa unaogopa maji ya kisima, kumbe ndiyo maana uliugua ile Pasaka, kumbe, kumbe. Alikuwa anaushona upya utoto wangu wote ukutane na karatasi zile, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumpa. Nikanyamaza. Aibu yangu iko hapo, kuliko pale kwenye mashine.

Asubuhi mzee wa kanisa alipita dukani mwenyewe. "Mchungaji amesoma," akasema. "Jumapili utasimama mbele ya wote, utoe kwa kinywa chako. Jiandae kwa maombi." Nikamwambia, "Sawa, mzee." Sawa! Mdomo gani huu niliopewa? Nikabaki nahesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikisimama nikasimulia, nimewadanganya watu wa Mungu kwa jina la Mungu. Nikisema nimetunga, mama yangu ataonekana amebeba mambo ya giza akayasoma kwenye maombi, na hatainua uso tena. Ncha zote mbili za kamba zilikuwa shingoni mwangu.

Alhamisi akaja mwanamke mmoja wa Buswelu. Alikuwa ametembea kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini. Nilimjua kwa kumwona tu, aliwahi kuja kusali kwetu. Hakutaka kukaa. Alifungua fundo la khanga akatoa karatasi zangu, zimekunjwa mara nne.

"Ndiye wewe?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo."

"Mwanangu alikuwa anapeleka mitumba visiwani, kwa wavuvi. Boti ilipinduka mwaka juzi. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana." Alisema bila kulia, kama mtu aliyeshayasema ofisi baada ya ofisi. "Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi. Wewe ulifika huko. Ulimwona?"

Mwenye duka alikuwa nyuma anapanga madaftari, nikasikia ameacha kupanga. Ningesema pale pale: mama, sikwenda popote, nilikaa kwenye kiti hiki. Badala yake nikasema, "Sikumwona, mama."

Hebu lipime jibu hilo. Kila neno ni kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Alizikunja karatasi polepole. "Labda hukufika alipo," akasema. "Umeandika mji ni mkubwa." Akanishukuru. Akanishukuru, jamani! Kisha akashika njia ya kurudi Buswelu, na mimi nikaenda kutapika nyuma ya duka.

Jumamosi mchana nilimwambia mama. Alikuwa anachambua dagaa uani, nami nimepiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, ile siyo ushuhuda. Niliitunga."

Mikono yake ikasimama. "Umetunga nini?"

"Yote. Mji, mlango, kamongo. Ni hadithi."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Siyo uongo, mama. Ni hadithi."

"Tofauti yake iko wapi? Nieleze, maana mimi sikusoma."

Hasira ikanipanda, hofu ikigeuka ndivyo huwa. "Yesu aliposema mpanzi alitoka kwenda kupanda, shamba la mpanzi yule lilikuwa wapi? Usagara? Buhongwa? Kuna mtu alikwenda kupima mipaka yake?"

"Koma!" Ungo ukapinduka, dagaa wakamwagika vumbini. "Usijilinganishe! Yeye akisimulia, watu walijua anasimulia. Wewe umewaacha watu walie siku nne!"

Tuliokota dagaa mmoja mmoja, tukawapuliza vumbi. Mwishoni ndipo akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Na kisima? Uliogopa nini kisimani?"

"Vyura, mama."

Jumapili niliitwa mbele. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, maana habari ilikuwa imefika mbali. Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili kisidondoke. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kuhusu mifano na kuhusu jua lililofungiwa ghalani. Yote yaliyeyuka. Nikasema, "Sijawahi kwenda chini ya ziwa. Nimetunga. Nilimpa mzee karatasi zisizo zake kwa makosa, halafu niliogopa kusema. Lakini huyo Mwana wa Mfalme sikumtunga." Basi.

Ikaanza minong'ono, kisha mtu nyuma akasema "Mungu wangu!" Mchungaji hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema nitakaa benchi la nyuma miezi mitatu, sitaimba kwaya, na karatasi zote zirudishwe. Baada ya ibada akina mama walipanga mstari na karatasi zao pale zinapochomwa hirizi. Mama yangu alikuwa wa kwanza. Alitupa yake motoni bila kunitazama. Mzee wa kanisa akaitupa ile niliyoichapa mwenyewe, akahesabu nakala zilizorudi: ishirini na tisa. "Moja haipo," akasema, akanitazama mimi, kana kwamba nimeificha.

Wiki ile nilikwenda kazini kwa sababu tu nyumbani hakukalika. Nilijiapiza sitaandika tena. Ningekuwa binti wa kawaida, nichape barua za kuomba kazi na kadi za harusi, nisiumize mtu. Kile kitabu kisicho na jalada nilikitoa chini ya godoro, nikakipeleka dukani nikitupe, na kila siku nikarudi nacho.

Ijumaa yule mwanamke wa Buswelu akaja tena. Nilipomwona mlangoni nilitaka kujificha chini ya meza, sisemi utani. Nilijua amekuja kunilaani, na nilijua anayo haki.

"Mama, nisamehe," nikaanza, "siku ile ningesema, nili—"

"Nilikuwepo kanisani. Nimesikia." Akafungua fundo la khanga. Nakala ya thelathini ilikuwa humo, imechakaa kwenye mikunjo. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Kwa hiyo wewe ndiye unayesema nani atoke."

"Ni hadithi tu, mama."

"Binti, usinifundishe. Mwanangu amekufa, najua. Nimekwenda ufukweni mwaka mzima, natazama kila kinachoelea. Sikuja kudanganywa." Kidole chake kilitafuta mahali kwenye ukurasa wa mwisho, pale mlango umevunjika na watu wanapanda juu. "Ila hapa umeandika watu wengi, watu wengi, na wote hawana sura. Yeye alikuwa na sura. Mwandike."

Nilitazama mlangoni kama kuna mtu wa kanisani anapita. Hofu haikuwa imeondoka, na sikujua kama nitakachofanya ni dhambi ama ndiyo kazi yenyewe. Umeme ulikuwepo. Nikaingiza karatasi kwenye taipureta, nikaizungusha mpaka ikanyooka.

"Alivaa shati gani siku ile?" nikamuuliza.