Filamu za Waingereza kwa Kiswahili cha Babu

Jumapili mchana, baada ya ibada, sebule yetu ya ghorofa ya kumi na nne kule St. James Town, ughaibuni, ilinuka maharage na soksi zilizolowa theluji, zimeanikwa juu ya hita. Majira yote ya baridi ya mwaka ule Babu alitazama filamu za kale za Waingereza, za enzi zile watu walipoanza tu kusikika wakizungumza kwenye picha. Mama aliziazima maktaba, zikiwa zimekarabatiwa: picha haina mkwaruzo hata mmoja, sauti haikwaruzi. Babu hakupendezwa. “Wamezifua mno,” alilalamika.

Ujanani, kule Kigoma, kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia la sinema na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yanayosemwa. Kwetu aliifufua kazi hiyo. Alipunguza sauti ya televisheni, akaeleza: bwana mwenye kofia ni baba mkwe mkorofi, bibi mwenye glavu ni shangazi mchonganishi. Neema, mtoto wa mama mdogo, alikaa kwenye mkono wa kiti chake na kuitikia “Ehee” kila Babu alipotua. Nafasi ile alipewa yeye kwa sababu Kiswahili chake kilinyooka. Mimi nilijibu kila kitu kwa Kiingereza, nikakalia zulia. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Nilimwombea apatwe na mafua, akaukwe na sauti.

Jumapili moja nikachukua rimoti, nikapandisha sauti. “Babu, no. Hajasema hivyo,” nikamwambia. “Anauliza treni inaondoka saa ngapi. Hakuna mkwe hapo.” Nilidhani ataniita nikae karibu yake, maana sasa mjuzi ni mimi. Babu akaniuliza, “Na ile ya wiki jana, ya mjane?” Nikamjibu kwamba yule mama hakuwa mjane hata kidogo. Akatabasamu, akasema, “Basi, mjukuu wangu, tuwaache waseme wenyewe.” Hakueleza filamu tena. Neema alishuka pale kitini akilia, nami, nakiri, nilifurahi.

Babu ametutoka miaka mingi sasa. Mwezi uliopita niliitazama ile ya treni katika jumba la sinema mjini, imekarabatiwa upya hadi nyuzi za koti zinahesabika. Nilielewa kila neno, na ilinichosha. Nikampigia Neema, anayeishi Scarborough, pembezoni mwa jiji letu, na kuwaeleza wanawe filamu hizo hizo vile alivyozieleza Babu. Nikamwomba anisimulie vile Babu angeimalizia, maana mimi siku ile niliikatiza katikati.

“Si wewe unaujua mwisho wa kweli?” akaniuliza, kwa upole kabisa.

Nina miaka arobaini na moja, na wivu ukanishika palepale, mbichi. Mimi nimebaki na filamu. Babu amebaki kwa Neema.